Kipimo cha Maji

Tulikipata bure kile kiwanja.
Hapakuwa na lango, wala risiti,
wala mtu mwenye kofia wa kututajia namba ya kulipia.
Nyasi fupi, kama zimenyolewa na mbuzi
(zilinyolewa na mbuzi),
na mto Atari ukipita chini yake
ukijisemea, kama mtu anayetafuta funguo.

Isabirye akasema, "Hapa."
Akaifungua nyumba yetu kutoka mkiani mwa gari,
nyumba ya bati aliyoichomelea Katwe kwa miezi saba
juu ya ekseli ya tela la ng'ombe,
yenye dirisha moja la duara
na harufu ya ng'ombe ambayo rangi mikono mitatu haikuiua.
Akatia jiwe nyuma ya kila gurudumu.
Akashuka ukingoni, akachomeka kijiti majini,
akakitia alama kwa kisu.

Mazoea.
Miaka thelathini na moja pale bwawani Jinja
alisoma kipimo cha maji asubuhi na jioni,
akakiandika kwenye daftari la kijani,
na Naili haikumdanganya hata kwa upana wa kidole.
Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani.
Tunayo humu karavanini. Ukuta wa kuibeba hatuna;
mchana inalala kitandani, usiku mezani.

Baridi ya Kapchorwa haipigi hodi.
Nilivaa soksi zake juu ya zangu,
tukachemsha viazi, tukavila kwa chumvi na mikono,
tukacheka bila sababu,
watu wazima wenye wajukuu tisa!
Watoto wetu kule Bugembe wanaamini
baba amepata wazimu na mama ameambukizwa.

Mwanamke akapita na punda mwenye madumu.
Jina lake Chesang; hilo nililijua baadaye.
Akayatazama magurudumu. Akautazama mto.
"Mmemlipa nani?"
"Hakuna. Hapa ni bure."
"Ndiyo," akasema, "ni bure,"
akavuta kamba, akapanda kilima.

Neno hilo lilininyima usingizi.
Isabirye alikoroma.

Kulikuwa na nyota. Naapa, hata tone.
Saa saba usiku bati likagongwa kwa jiwe:
Chesang, tochi, vijana wawili, na yule punda.
"Mawe yanaongea."
Tukanyamaza. Chini ya sauti ya mto
ilikuwapo sauti nyingine, nzito,
kama magunia yakiburutwa kwenye sakafu ya mbao.
"Kule juu imenyesha tangu jana."

Isabirye akamulika kijiti chake.
Maji yalikuwa palepale, kwenye alama.
"Kipimo hakijapanda," akasema, kwa sauti yake ya kazini.
"Mzee," akasema Chesang,
"mto huu haupandi. Unashuka."

Gari likagoma kuwaka.
Basi punda akafungwa mahali pa gari,
vijana ubavuni, mimi nyuma na soksi zangu mbilimbili,
mgongo wa Isabirye ukilia kama mlango,
sahani zikianguka ndani, moja, moja,
hadi tukafika kwenye shamba la vitunguu la Chesang
na kuviponda vitunguu vya watu.

Haukuja kama maji.
Ulikuja kama ukuta wenye miti.

Asubuhi mbuzi walisimama kando ya tope
wakitafuta nyasi zao.
Gari tulilikuta limelala ubavu, kimya, kama mgeni mlevi.
Isabirye akatoa pochi, mikono ikimtetemeka.
"Kusukuma hatuuzi," akasema Chesang.
"Vitunguu, hivyo ndivyo vina bei."
Akavihesabu kimoja kimoja, hata vilivyopona.

Jioni nilimtafuta mume wangu nikamkosa.
Nikamkuta nyuma ya boma, amelala kifudifudi,
shati jeupe la kustaafia likinywa udongo,
sikio juu ya jiwe.
"Unasikia nini?"
"Nyamaza kwanza," akasema.